Mshahara wa Dubai Uhesabiwe kwa Kinachobaki

Kijana akipata kazi ya ulinzi, usafi au uhudumu wa hoteli Dubai, swali la kwanza analoulizwa nyumbani ni mshahara. Akitaja dirhamu 1,500, mtu anachomoa simu, anazigeuza kuwa shilingi, na jioni hiyohiyo mjomba ameshaona ada ya mwanawe, mama ameshaona bati, na kijana mwenyewe ameshaanza kuona kiwanja. Hakuna aliyeuliza huko atakula nini, atalala wapi, na nauli yake aliikopa kwa nani. Nimewaona wengi wakirudi baada ya mkataba wa miaka miwili na sanduku la nguo, simu nzuri na deni. Hawakuwa walevi wala wavivu. Walisimama lindo saa 12 kwa siku. Kilichowaangusha ni hesabu, na hesabu hiyo ilikosewa kabla hawajapanda ndege.

Nawaandikia wanaokwenda Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Imarati, kwa mshahara mdogo, au ambao wameshafika na mambo hayaendi kama walivyoambiwa. Walioko Doha, Muscat au Riyadh watapata ya kuwafaa pia, ila wakumbuke kwamba kila nchi ya Ghuba ina sheria zake. Qatar, kwa mfano, imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula anatakiwa kuongeza riyali 500 na 300. Imarati hakuna kima cha namna hiyo kwa wafanyakazi wa kigeni. Utalipwa ulichosaini. Kwa hiyo karatasi utakayosaini ndiyo yenye maisha yako ya miaka miwili, na huko ndiko pa kuanzia.

Ukipewa mkataba usikimbilie jumla iliyoandikwa chini. Tafuta mstari wa mshahara wa msingi. Kampuni nyingi huandika msingi mdogo, kisha hujazia kwa posho za malazi, usafiri na chakula. Dirhamu 1,500 zenye msingi wa 800 si sawa na dirhamu 1,500 zenye msingi wa 1,200, hata kama kila mwezi mkononi unapata kiasi kilekile. Kiinua mgongo, kwa sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022, ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, mradi umetimiza mwaka mmoja kazini. Mwenye msingi wa 800 anaondoka na dirhamu 1,120 baada ya miaka miwili. Mwenye msingi wa 1,200 anaondoka na 1,680. Malipo ya saa za ziada nayo yanapigiwa hesabu kwenye msingi: nyongeza ya angalau asilimia 25, na asilimia 50 kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Mlinzi anayefanya kazi saa 12 kila siku amuulize wakala swali moja tu: katika hizi 1,500, saa za ziada zimo au hazimo? Jibu linabadilisha kila kitu, na mara nyingi ukishauliza utaona sura ya wakala inabadilika.

Sheria hiyohiyo inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Najua hali halisi ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam: mawakala wanadai, na watu wanauza ng'ombe au wanakopa kwa riba ili walipe. Lakini kabla hujakopa, gawanya lile deni kwa kitakachobaki kila mwezi, usiligawanye kwa mshahara mzima. Kama unakopa fedha ambazo zitakula miezi minane ya jasho lako, hiyo kazi ni ya miezi kumi na sita, na ndivyo uiite.

Kuna njia nyingine ambayo nawasihi wadogo zangu waikwepe: kwenda kwa viza ya matembezi kwa ahadi kwamba "kazi utapata hukohuko." Wapo waliofanikiwa, na hao ndio wanaosimuliwa. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na viza ikiisha ukabaki ndani ya nchi faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Siku 30 ni dirhamu 1,500, mshahara mzima wa mtu tunayemzungumzia, na wewe bado huna kazi. Aliyekwama hivyo hulazimika kupokea kazi yoyote kwa mshahara wowote.

Sasa tuseme umefika na mkataba ni halali. Chukua daftari, tupige hesabu ya huyo wa dirhamu 1,500 anayepewa kitanda na gari la kazini na kampuni. Dirhamu imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo mshahara wake ni dola kama 408. Chakula tumpe 350. Simu na intaneti 60. Sabuni, dawa ya meno, kunyoa na vingine vidogo 40. Nauli za siku ya ofu 50. Zimekwenda 500, na kimebaki 1,000. Hiyo elfu moja ndiyo mshahara wake hasa. Akituma nyumbani 600 kila mwezi bila kukosa, akaweka 400 bila kukosa, baada ya miezi 24 ana dirhamu 9,600, ambazo ni zaidi ya dola 2,600. Zinatosha kuanzisha kitu. Lakini angalia jinsi hesabu ilivyo nyembamba: faini moja, ugonjwa mmoja, au msiba mmoja nyumbani unakula miezi miwili ya akiba.

Asiyepewa malazi hesabu yake ni nyingine kabisa. Kitanda katika chumba cha watu sita au wanane Deira au Satwa kinaweza kula theluthi ya mshahara kama huo, pengine zaidi. Wengine huhamia Sharjah au Ajman kwa sababu kodi ni nafuu, kisha wanalipa tofauti hiyo kwa nauli na kwa saa za kukaa kwenye foleni ya magari. Kama mkataba unakupa uchaguzi kati ya kitanda cha kampuni na posho ndogo ya malazi, chukua kitanda. Na kama lazima upange, jihadhari na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao bila kibali. Mwaka 2025 Manispaa ya Dubai ilifanya msako wa vyumba vya namna hiyo katika mitaa kama Al Rigga na Satwa, na waliokuwa wamelipa kodi walitakiwa kutoka. Usilipe miezi mitatu mbele kwa mtu ambaye naye amepanga tu. Lipa mwezi mmoja mmoja, na kila malipo yawe na risiti au yapite benki.

Chakula ndicho kinachowamaliza watu bila wao kujua. Sahani ya wali na kuku kwenye mkahawa wa Wahindi au Wapakistani ni rahisi ukiitazama peke yake. Tuseme ni dirhamu 12. Kula mara mbili kwa siku, na mwezi ukiisha umetoa 720, karibu nusu ya mshahara. Wanaoweka fedha ni wale wanaopika kwa kundi. Watu wanne wa chumba kimoja wananunua gunia la mchele, dengu, mafuta, vitunguu, mayai na kuku wa kugandisha, wanaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati nani katoa nini, na anayetoka zamu ya usiku ndiye anayeinjika sufuria ya mchana, kwa sababu saa hiyo jiko la kambi ya wafanyakazi halina foleni. Jioni kila mtu anakuja na bakuli lake. Kundi hilo lichaguliwe kwa uaminifu kuliko kwa ukabila au utaifa. Nimeona Mkenya, Mganda na Wanepali wawili wakila chungu kimoja miaka miwili bila ugomvi, na nimeona watu wa kijiji kimoja wakitoana macho kwa sababu ya chupa ya mafuta.

Unga wa ugali wa kutoka kwetu unapatikana katika maduka ya Waafrika maeneo ya Naif, lakini bei yake ina nauli ya meli ndani yake. Uwe chakula cha siku ya ofu. Mwezi wa Ramadhani misikiti mingi hufuturisha watu bila kumuuliza mtu katoka wapi, na si aibu kwa mwenye mshahara mdogo kukaa kwenye mkeka ule na kushukuru.

Faini zinahitaji onyo la peke yake. Kuvuka barabara mahali pasiporuhusiwa ni dirhamu 400, na kwenye barabara za magari ya kasi adhabu ni kubwa zaidi. Kula, kunywa au kutafuna jojo ndani ya metro ni dirhamu 100. Yaani kukata barabara kwa haraka ya dakika mbili kunaweza kukugharimu akiba ya mwezi mzima. Metro yenyewe ni rafiki wa maskini: kwa kadi ya Nol ya kawaida, safari ndani ya kanda moja ni dirhamu 3 na safari ndefu kuliko zote ni 7.50. Tembea nayo, iheshimu, na hakikisha kadi ina salio kabla ya kuingia.

Kuhusu simu, ujue mapema kwamba kupiga kwa WhatsApp kumezuiwa Imarati. Ujumbe wa maandishi, picha na sauti unapita. Wenye mshahara mdogo wanaoishi vizuri hutuma ujumbe wa sauti, na mama anajibu akiwa na nafasi. Vifurushi vya kupiga kwa programu zilizoruhusiwa vipo, ila visiwe vya kila siku.

Nije kwenye kutuma fedha. Ada ya duka la kubadilisha fedha haiongezeki sana kwa kuwa umetuma kiasi kikubwa. Anayetuma dirhamu 150 mara nne kwa mwezi analipa ada mara nne kwa kazi ambayo ingefanyika mara moja. Chagua tarehe moja, waambie nyumbani hiyo ndiyo siku yao, na waizoee. Dirishani usiulize ada peke yake, maana faida nyingine wanaichukua kwenye kiwango cha kubadilishia. Uliza hivi: "Nikikupa dirhamu 600, jumla, huko zitapokewa shilingi ngapi?" Kisha vuka kwenda duka la pili uulize hivyohivyo. Deira maduka hayo yamepangana, na dakika kumi za kuuliza zinalipa. Usimpe mtu kitambulisho chako atumie kutuma fedha zake, hata akiwa ndugu, na usisajili laini ya simu kwa ajili ya mwingine. Fedha ikiwa chafu, jina litakalosomwa ni lako.

Shilingi inaposhuka, dirhamu yako nyumbani inaonekana imenona, kwa kuwa imeshikana na dola. Watu wengi hapo huongeza wanachotuma, au hufurahi kwamba familia inapata zaidi. Mimi nashauri familia ipewe kiasi walichokubaliana kwa shilingi, na ile ziada inayotokana na kushuka kwa shilingi iingie kwenye akiba yako. Bei za nyumbani zikipanda, zungumzeni upya. Lakini yawe mazungumzo, isiwe mazoea.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Waambie nyumbani ukweli wa kipato chako. Vijana wengi wanaona haya kusema kwamba wanalala wanane chumba kimoja, basi wanapiga picha mbele ya Burj Khalifa, na kila picha inaongeza idadi ya wanaoomba. Mficha uchi hazai. Chagua mtu mmoja mwenye busara, awe mama, dada au shangazi, umtumie picha ya ile karatasi ya hesabu: mshahara huu, chakula hiki, deni la wakala hili, kilichobaki hiki. Mtu huyo atakusemea kwenye ukoo. Maombi yote ya fedha yapitie kwake, na wewe ukatae bila ugomvi. Kukataa mara tatu kwa upole katika mwaka wa kwanza kunaumiza. Kurudi mikono mitupu kunaumiza zaidi, na siku hiyo wanaokuomba leo hawatakumbuka ulichotuma.

Kuna jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunaliingia bila kujua kuwa ni hatari. Akifa mtu nyumbani tunafungua kundi la WhatsApp na kuanza kuchangisha. Sheria ya Imarati inakataza mtu kukusanya michango ya hisani bila kibali, na tangazo la mtandaoni nalo limo. Usiwe mwenye kundi, usiweke namba yako kuwa ya kupokelea, usisambaze tangazo. Msiba ukitokea, tuma rambirambi yako moja kwa moja kwa mfiwa. Ikiwa mtu amefia hukohuko na mwili unahitaji kurudishwa, kamuone afisa wa ubalozi au ubalozi mdogo kabla ya jambo jingine. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina ubalozi Abu Dhabi na ofisi ya ubalozi mdogo Dubai. Matusi kwenye WhatsApp nayo ni kosa la jinai kule, hata ukimtukana anayekudai.

Upatu au chama cha watu wa kambi moja unasaidia, kwa sharti moja: yeyote ambaye mkataba wake unaisha kabla mzunguko haujakamilika asiingie. Wengi waliodhulumiwa hawakudhulumiwa na mwizi. Mwenzao alipokea zamu yake, akaenda likizo, kampuni haikumrudisha. Akiba yenyewe iwe kwa jina lako. Kenya kuna SACCO na mifuko ya soko la fedha, Tanzania kuna mifuko ya UTT AMIS ambayo mtu anaweza kununua vipande kidogo kidogo. Ujenzi wa kusimamiwa kwa simu nauogopa. Umevunja undugu mwingi. Kama huwezi kungoja, mlipe mwenye duka la vifaa moja kwa moja na usimpitishie fundi wala kaka, na kiwanja ukithibitishe kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa senti.

Hesabu isikusahaulishe afya. Bima ya matibabu ni wajibu wa mwajiri; dai kadi yako wiki ya kwanza na uulize ni zahanati zipi zinaipokea, usingoje homa. Ukitoka nyumbani usibebe tramadol wala dawa kali nyingine ya maumivu bila cheti cha daktari na kibali. Miraa usiiguse kabisa, hata ya kumpelekea rafiki. Kuna watu wamemaliza safari yao uwanja wa ndege kwa sababu ya kifurushi ambacho hawakujua kilichomo. Kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi ya nje juani hairuhusiwi kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana. Kama kampuni yako hailifuati hilo, wizara ya kazi inapokea taarifa.

Dada zetu wa kazi za ndani wana sheria yao peke yake, ya mwaka 2022. Inawapa siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki, mapumziko ya saa 12 kwa siku, nane kati ya hizo mfululizo, na haki ya kukaa na hati zao wenyewe. Kwa hesabu, dada wa ndani anaweza kuweka kuliko mlinzi, kwa kuwa analala na kula hapohapo. Tatizo lake ni kwamba mwajiri humwambia "nakutunzia", na miezi inapita. Dada yangu, asikutunzie. Omba tangu mwezi wa kwanza ulipwe kwenye akaunti au kadi yenye jina lako. Andika kwenye daftari tarehe na kiasi cha kila ulichopokea, na picha ya pasipoti, viza na mkataba wako iwe kwa mtu nyumbani.

Mshahara ukichelewa, usikimbie. Kampuni za Imarati zinalipa kupitia mfumo wa serikali wa kulinda mishahara, na zikipita siku 15 tangu tarehe ya malipo wizara inahesabu kuwa zimechelewesha. Mfanyakazi anaweza kufungua malalamiko mwenyewe, na madai ya kazi yasiyozidi dirhamu 100,000 hayatozwi ada ya mahakama. Anayetoroka kazini hugeuzwa mkosaji: mwajiri humripoti, viza inaingia doa, na haki zake anazitafuta akiwa anajificha. Lalamika ukiwa bado kazini, ukiwa na karatasi zako.

Mkataba ukiisha, sheria inampa mwajiri siku 14 kukulipa mshahara uliobaki, siku za likizo ambazo hukuzitumia na kiinua mgongo. Siku ya mwisho watakuletea karatasi inayosema umepokea haki zako zote, mara nyingi ukiwa na mizigo mkononi na gari la uwanja wa ndege linapiga honi. Usiisaini mpaka fedha iwe imeonekana kwenye akaunti yako.